Barafu Isiyolipiwa Umeme

Mpaka leo, mtaani kwetu ni mtu mmoja tu aliyewahi kusimama mbele ya mto wa barafu, na huyo ndiye mtu pekee mtaani asiye na picha aliyopiga na barafu. Sisi wengine tunazo. Mwenyekiti wa mtaa ya kwake ameitia fremu na kuitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kunywa maji bila kuiona. Mimi pia ninayo, nimesimama kiupande, kwa sababu ubavu ndio unaonitendea haki. Kwa hiyo nikiwasema watu hapa, najua na mimi nimo.

Mtu huyo tunamwita Kidevu Juu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila limebaki kwenye makaratasi. Ana studio ya picha za pasipoti mkabala na ofisi ya uhamiaji, na mimi nina mashine ya fotokopi chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba wenye matundu ya misumari. Ya kwake nayajua, ya kwangu anayajua, na tumekubaliana bila kusema kwamba hakuna anayesikia.

Studio yenyewe ni shuka jeupe lililobanwa kwa vibanio vya nguo, stuli ya kuzunguka ambayo haizunguki, kioo, na kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe. Kwenye msumari linaning'inia koti jeusi na tai iliyokwisha kufungwa, kwa wanaume waliotoka nyumbani bila heshima. Nusu ya wanaume wa mji huu waliowahi kuvuka mpaka wamevuka na koti hilo. Afisa wa nchi za watu akizipanga pasipoti zetu mezani lazima adhani sisi ni watoto wa mama mmoja aliyekuwa na koti moja.

"Kidevu juu," ndivyo anavyosema kwa kila mtu. "Masikio yaonekane. Usicheke. Nimesema usicheke, mama, hapa si harusini."

Usipotii hukemewi. Unapigwa hivyo hivyo, halafu unatundikwa. Ukutani ana ubao wenye safu mbili: ZINAZOKUBALIWA na ZINAZOKATALIWA. Safu ya kwanza watu wamekaza nyuso wakisubiri hukumu. Safu ya pili yuko dada aliyecheka, yuko mzee aliyeinamisha kichwa, na yuko kinyozi wetu wa ng'ambo ya barabara, macho yamefumbwa na mdomo umeachama. Kinyozi ameomba ashushwe tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi. Kidevu Juu humjibu kila mara, "Ndugu yangu, unaelimisha umma." Ana kiburi kimoja tu duniani, na amekiandika mlangoni kwa rangi nyekundu: HAIJAWAHI KURUDI HATA MOJA.

Mkewe ndiye Mama Barafu. Kibarazani, pembeni mwa mlango wa studio, ana friza kubwa ya mfuniko, na anauza barafu ya vifuko kwa wenye kiu na ya mapande kwa wauza samaki na wenye shughuli. Friza hiyo imemsomesha binti yao mpaka akapata kazi ng'ambo, na imemtia Mama Barafu ugomvi wa kudumu na umeme. Umeme ukikatika, sisi tunatafuta mishumaa, yeye anatandika mabeseni. Anajua kwa sikio tu. Tone moja moja bado kuna matumaini; matone yakianza kukimbizana, mali inaondoka.

Kwa hiyo binti alipopiga simu kusema kwamba karibu na hoteli anakofua mashuka kuna mto wa barafu, Mama Barafu aliuliza swali moja.

"Nani anaulipia umeme?"

"Hakuna, mama. Ni baridi ya Mungu tu. Imelala bondeni tangu enzi, inashuka polepole."

"Na mchana?"

"Na mchana."

Mama Barafu akasema, "Nataka kuiona." Niliisikia sauti hiyo kupitia ukutani nikaacha kutoa kopi. Nimemjua mwanamke huyu miaka mingi, sijawahi kumsikia akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Binti na mumewe wakajichanga, wakatuma tiketi za watu wawili. Picha za viza zilipigwa asubuhi moja kabla wateja hawajaja. Kidevu Juu alianza na yake, akajipiga mwenyewe, uso umefungwa kama mlango wa benki. Kisha akamketisha mkewe kwenye stuli.

"Kidevu juu," akamwambia.

"Mimi?" nikasikia. "Mimi na wewe, baba, leo unaniambia kidevu juu?"

"Masikio yaonekane."

"Masikio yangu ndiyo kwanza unayaona leo?"

Kamera ikalia. Mimi huku nimeuma kidole nisicheke. Picha ilitoka na Mama Barafu anatabasamu. Si kicheko, maana meno hayaonekani. Ni lile tabasamu la pembeni mwa mdomo, la mtu anayemfahamu vizuri aliyesimama nyuma ya kamera. Angekuwa mteja angerudiwa, au angetundikwa. Kidevu Juu aliishika ile picha, akaitazama, akaitazama tena, na hakuweza kuitupa. Akasema ni kidogo tu, hawataona.

Waliona. Ombi la mume likapita, la mke likarudi, na sababu imeandikwa wazi: picha haikubaliki, mwombaji anatabasamu. Miadi mingine ilikuwa ya mbali, na likizo ya binti ingekwisha kabla. Mganga hajigangi, wahenga walisema, ila hawakusema mganga afanyeje akiwa ameandika mlangoni kwamba hajawahi kuumwa. Nilimsikia Kidevu Juu akihema nyuma ya mbao. Halafu akasema, "Tuwaambie watu ni goti."

"Goti la nani?"

"Lako. Goti limekataa ndege."

"Haya," akasema Mama Barafu. "Lipi?"

"Lolote."

"Lolote halichechemei, baba. Chagua moja."

Wakachagua la kushoto. Tangu siku hiyo mwanamke mwenye magoti mazima kuliko yangu akawa anachechemea kwenda sokoni, anachechemea kurudi, anachechemea kupokea pole. Watu wema walimletea bandeji na mafuta ya kuchua, naye akachua mguu mzima mbele yao, akisema "Mungu awalipe." Akichoka husahau, akachechemea wa kulia. Nilimhurumia, nikamkasirikia mume, na nikanyamaza, kwa sababu ukuta wa mbao nao una heshima yake.

Kidevu Juu akaenda peke yake. Mkewe alimsindikiza mpaka kwenye teksi akiburuta mguu, akampa chupa ya chai ya safarini.

"Uniletee," akamwambia.

"Nikuletee nini?"

"Barafu, baba. Nitakuagiza nini kingine?"

Ya huko nimeyapata mara mbili: kwake mwenyewe, akiwa anangoja wateja, na kwa binti yake, kwenye simu ambayo Mama Barafu huiweka spika ili mikono ibaki huru. Penye kupingana nimemwamini binti.

Mkwe aliwapeleka kwa gari. Kidevu Juu alivaa koti la mkwe lililomfika magotini, kamera shingoni, stendi begani, akitarajia ateremke aione. Aliteremka akaona mahali pa kuegesha magari, duka la kofia, vyoo, na kando ya vyoo kibao cha chuma kilichoandikwa mwaka. Ulikuwa mwaka aliozaliwa yeye.

"Hiki cha nini?" akauliza.

"Hapa ndipo barafu ilipokuwa inaishia mwaka huo, baba," akasema mkwe.

Kidevu Juu akavitazama vyoo. Wakaanza kupanda. Njiani vibao vikaendelea, mwaka baada ya mwaka, katikati ya mawe makavu na vichaka. Wakaupita mwaka wa ndoa yake. Wakatembea tena, wakakuta mwaka aliozaliwa binti, wakakaa hapo wakanywa chai, na barafu bado haijaonekana. "Imehama bila kuaga," Kidevu Juu aliniambia, na alipokuwa akinisimulia hakuwa anacheka.

Walipoifikia, haikuwa nyeupe. Hilo nalo lilimuuma. Mtu amefua shuka jeupe maisha yake yote, akavuka bahari akijua anakwenda kuuona weupe usiofuliwa, akakuta kitu cha kijivu kilichojaa kokoto, kimechakaa kama shuka la nyumba ya wageni. Ila penye ufa, ndani kabisa, kulikuwa na bluu. Bluu hiyo alijaribu kunieleza mpaka akachukua chupa ya wino dukani kwangu, akaishika juani, akatikisa kichwa, akairudisha.

Na mbele ya barafu walikuwapo watalii, wote wameipa mgongo. Watu wametoka pande zote za dunia kuja kuigeuzia visogo. Kila mmoja amenyoosha mkono wenye simu, anajichekea, kisha anampisha mwingine naye aje aigeuzie chake. Kidevu Juu akasimamisha stendi akangoja wapite. Hawakupita. Basi akapiga makofi, akaanza kupanga kwa mkono: wewe toka, wewe kule, wewe mtoto teremka. Sijui ni kwa nini watu humtii mtu mwenye stendi, lakini walitii. Uwanja ukawa mweupe, na Kidevu Juu akaipiga barafu picha ya pasipoti.

Sitanii. Aliipiga uso kwa uso, katikati, sura nzima. Alingoja wingu lifunike jua ili kusiwe na kivuli. Milima miwili ya pembeni ilibidi ionekane yote, kwa sababu hiyo ndiyo masikio. Binti anasema alimsikia akiiambia, "Hivyo hivyo, tulia." Watalii walipoona utaratibu huo wakadhani ni fundi wa serikali, wakapanga foleni wenyewe, kila mmoja na simu yake mkononi. Akawapiga mmoja mmoja, na aliyefungua meno aliinuliwa kidevu kwa kidole mpaka akafunga. Mpaka leo, katika nchi nisizozijua, kuna familia zinazojiuliza kwa nini ndugu yao alikwenda likizo akarudi na picha ya mtu anayetafutwa na polisi.

"Baba, njoo na wewe tukupige," binti akamwita.

"Nani apige?"

"Mimi."

"Wewe huwezi," akasema, na hapo ndipo alipoipoteza picha yake.

Watalii walipotawanyika pakatulia, na katika utulivu ule akasikia. Tone. Tone. Kisha matone yanakimbizana, chini ya barafu yote, na maji yanapita chini ya mawe kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Sauti hiyo aliijua. Ameisikia kibarazani kwake kila siku ya kukatika umeme, mkewe akihangaika na mabeseni.

"Umeme umekatika hapa," akasema.

Binti akacheka, kisha akaacha kucheka. Kidevu Juu akageuka kuvitazama vile vibao walivyovipita, akahesabu miadi ya viza na uzee wa mkewe na uvivu wa ofisi, akaona kwamba akizubaa, Mama Barafu akija hatakuta barafu, atakuta kibao. Aliogopa. Alinieleza hivyo waziwazi, na si mtu wa kueleza. Basi akamwaga chai iliyobaki, akaokota vipande vilivyokatika chini, akavishindilia ndani ya chupa.

"Baba, itayeyuka njiani," binti akamwambia.

"Iyeyuke. Ikifika mama yako atajua la kufanya."

Aliporudi, studio ilijaa kabla hajavua viatu. Akawasha kompyuta. Picha ya kwanza, barafu. Ya pili, barafu. Ya tatu, barafu ile ile, imekaa sawa zaidi.

"Wewe uko wapi?" akauliza kinyozi.

"Mimi nilikuwa napiga."

"Kwa hiyo hukwenda."

"Hizi nimezipiga kwa mkono wangu!"

"Hata kalenda yangu ina mlima, ndugu, na mimi nimeshinda hapa nikinyoa."

Tukacheka. Mtaani kwetu sheria inajulikana: kitu ambacho hukupiga nacho picha hakikutokea. Mwenyekiti akizindua bomba la maji, picha ikishapigwa bomba limezinduliwa, maji yaje yasije. Kidevu Juu akaona hana njia, akaitoa chupa ya chai begini, akaimimina kwenye bakuli mbele ya wote. Yalikuwa maji, tena ya kijivu, na mchanga umetuama chini. Kinyozi alicheka mpaka akakaa kwenye stuli. Nikamwona Kidevu Juu uso unamshuka, kidevu mpaka kifuani, na hapo mimi nikaacha kucheka.

Mama Barafu akachechemea mpaka kwenye bakuli. Akachovya kidole, akaonja.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa mnacheka nini?" akatugeukia. "Maji yakimwagika ndiyo hayazoleki. Haya yamemwagika wapi?" Akalibeba bakuli, akalishusha kwenye kona ya chini kabisa ya friza, akafunga mfuniko. "Kesho mje."

Kesho yake tulikwenda, na barafu ilikuwapo. Pande dogo la kijivu, kokoto ndani yake, limekaa katikati ya vifuko vyake vyeupe kama mgeni wa heshima. Mtu wa kwanza akainamia friza akajipiga. Wa pili akavaa sweta kwanza. Kufikia saa sita kulikuwa na foleni, na kila aliyefika zamu yake aliinua mfuniko, akaipa barafu mgongo, akanyoosha mkono. Waliovuka bahari na waliovuka barabara wote wamejipiga vilevile. Mama Barafu alibaki akipiga kelele, "Funga! Jamani, mnanitolea baridi!" Usiku kabla ya kulala, mwenyewe aliniambia, huinua mfuniko kidogo akaitazama uso kwa uso, kisha akafunga.

Mwenyekiti wa mtaa hakukubali kupitwa. Alitangaza kuja rasmi. Siku ya siku akaazima lile koti jeusi la msumarini pamoja na tai yake, jua la adhuhuri, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi, akasimama kibarazani, mkono mmoja umeshikilia mfuniko ukiwa wazi kabisa ili wapiga picha wapate. Akaanza kuhutubia. Alihutubia juu ya wajibu wetu wa kuokoa barafu ya dunia. Alilaani wanaopoteza nishati. Alitaja vizazi vijavyo, na vizazi vilivyopo vikaanza kutafuta kivuli. Friza nayo inanguruma, inahema, inashindwa.

Mama Barafu alikuwa amekaa kitini, ng'ambo ya benchi la wateja, bandeji gotini, mguu umenyooshwa juu ya kigoda kama walivyopatana. Nikamwona anainua kichwa. Alikuwa amesikia tone.

"Mwenyekiti, naomba ufunge," akasema.

"Namalizia, mama. Ndugu wananchi..."

Tone. Tone. Kisha yakaanza kukimbizana, hata mimi niliyasikia. Mama Barafu akainuka. Aliruka benchi, nasema aliruka, kanga mkononi, akampita mwenyekiti kwa bega, akaushusha mfuniko kwa kishindo kilichokosa vidole vya serikali kwa unywele.

Kinyozi ndiye aliyetangulia.

"Goti limepona! Mwenyekiti amemponya kwa hotuba!"

Kicheko kikalipuka. Na vicheko vyetu havina breki. Mmoja akasema kumbe hakuwa mgonjwa. Mwingine akasema basi mume alimwacha makusudi, akaenda kula raha zake. Wa tatu, ambaye alimletea mafuta ya kuchua, akasema kwa uchungu, "Au alinyimwa viza? Kafanya nini mpaka anyimwe? Watu hawanyimwi bure." Na neno hilo nikaliona linavyotembea kwenye nyuso, kutoka mtu hadi mtu, maana hakuna kitu mtaa wetu unakipenda kama kosa lisilojulikana.

Mama Barafu alisimama pale, mkono juu ya mfuniko. Sentensi moja ingetosha. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni pa studio chini ya yale maandishi mekundu. Akafumba mdomo. Kisha, mbele yetu sote tuliomwona akiruka, akaanza kuchechemea kurudi kwenye kigoda chake. Tena wa kulia.

Nililia. Sioni haya kusema.

Kidevu Juu akaingia ndani. Nilidhani amejificha, nikamtukana moyoni. Lakini alitoka na ule ubao wake wa safu mbili, akauegemeza kwenye friza, mahali pa wazi. Akaing'oa picha ya kinyozi kwenye ZINAZOKATALIWA, akamkabidhi mwenyewe. Akaingiza mkono mfuko wa shati, upande wa moyo, akatoa picha ndogo iliyokwisha kujikunja pembe, akaibandika pale pale.

"Hajafanya kosa lolote," akasema. "Picha yake ilirudishwa. Niliipiga mimi. Alicheka, nikaona sina mkono wa kuitupa. Goti nililitunga mimi. Mama, acha kuchechemea."

Watu wakasogea kuitazama. Wanaume waliitazama haraka wakarudi nyuma. Wanawake walikawia. Kinyozi, picha yake mkononi baada ya miaka yote ile, akaenda kufungua kibanda. Mwenyekiti akauliza kama bado kuna nafasi ya picha moja ya mwisho, akaambiwa avue koti la watu.

Kidevu Juu alitegemea biashara ife. Alichukua brashi, chini ya HAIJAWAHI KURUDI HATA MOJA akaongeza ISIPOKUWA YA MKE WANGU, akakaa kungoja aibu. Badala yake wakaja wake za watu, wawili wawili, kuiangalia ile picha ubaoni, kisha wakienda nyumbani wanawauliza waume zao maswali. Waume ndio walionuna. Sasa ana wateja wengi kuliko zamani, na wengi wanauliza wafanyeje wakataliwe vizuri.

Picha mpya aliipiga asubuhi, kabla ya wateja, kama ile ya kwanza. Mimi nilikuwa mahali pangu, mashine imezimwa.

"Kidevu juu," akasema.

"Nimeinua."

Kamera ikalia. "Umecheka. Tunarudia."

"Na hiyo utaitupa?"

"Hii naiweka. Ya ofisi ni ile utakayonuna."

Walirudia, na kurudia, mpaka akamwambia, "Basi fikiria goti." Kamera ikalia mara moja. Hiyo ndiyo iliyokwenda ubalozini, na haikurudi.

Mama Barafu ameondoka juma lililopita kwa tiketi yake ile ile iliyobadilishwa tarehe, kwa magoti yake yote mawili. Friza amemwachia mumewe, pamoja na kipande cha barafu kilichosalia baada ya hotuba, na onyo moja: mfuniko usifunguliwe kwa picha ya mtu yeyote. Binti amepiga simu kusema leo ndiyo siku wanayopanda kule.

Na leo, tangu asubuhi, hakuna umeme. Kidevu Juu amefunga studio. Ametandika mabeseni, amekaa juu ya mfuniko wa friza na mikono yake miwili ameikumbatia kwapani, kana kwamba joto la mwili wake nalo ni mwizi. Mwenyekiti amepita, amefukuzwa. Mteja wa pasipoti amepita, ameambiwa arudi kesho. Mimi nimetoa kiti changu nje, nimekaa naye.

"Mama Fotokopi," akaniita sasa hivi, "wewe una masikio. Hebu sikiliza. Yanakimbizana?"

Nikainama, nikaweka sikio kwenye bati.

"Bado, shemeji," nikamwambia. "Ni moja moja."

Yalikuwa yanakimbizana.